Hilux ya 3L Imefungwa Uani na Sasa Haiwaki: Pa Kuanzia

Pikapu iliingia uani ikiwaka kwa selfu moja, kosa lake likiwa kula maji tu. Siku mbili baadaye hedi imerudi juu ya bloku na gasketi mpya, taimingi belti mpya imefungwa, oili mpya imejazwa, na injini inazunguka bila kushika. Au inashika kidogo, inatapika moshi mweupe, inazima. Aliyeifungua anabaki na spana mkononi akishuku pampu ya dizeli, nozeli (vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda), hata tangi.

Asianzie huko. Injini iliyokuwa inawaka kabla ya kufunguliwa imezuiwa na kitu kilichoguswa wakati wa kufungua au kufunga. Uzoefu wa miaka mingi na injini za familia ya L za Toyota umetufundisha hivyo: 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Zimo kwenye Hilux, Hiace na Dyna, na maumbile yao ni mamoja: silinda nne, kamshafti (kamu, inayofungua valvu) juu ya hedi, mkanda mmoja unaozungusha kamu na pampu ya dizeli, hita plagi nne za kupasha silinda kabla ya kuwasha. Hapa tunazungumzia zile zenye pampu ya kuvutwa na kebo, zisizo na kompyuta. Fundi mwenye subira anaweza kuzimaliza uani kwake kwa spana, mita ya umeme na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi).

Chukua karatasi. Andika kila kilichofunguliwa kwa mpangilio ule ule: hozi, waya, bolti, paipu, belti. Orodha hiyo ndiyo ramani. Kuna nyongeza moja tu: vitu vya zamani vilivyosogezwa bila kufunguliwa. Hozi ya dizeli yenye umri wa miaka ishirini ikikunjwa kidogo ili mkono upite, hupasuka ndani kwa ndani. Waya uliokauka kwa joto la injini hukatika ndani ya ngozi yake ukivutwa mara moja. Viandike navyo. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ujaribu. Ukigusa vitatu pamoja, hata ikiwaka hutajua ni kipi kilichoiponya, na kesho ikirudia utaanza upya.

Sikiliza kwanza mzunguko wa selfu. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo injini inayozunguka pole pole haitawaka hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Weka mita kwenye vichwa vya betri huku mwenzako akipiga selfu: ikishuka chini ya volti 9.6, betri ndiyo ya kushughulikia. Betri ikiwa nzima na mzunguko bado ni mzito, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku yenyewe, piga selfu tena. Ukisoma zaidi ya nusu volti, erthi ni mbovu. Na baada ya hedi kushushwa, mara nyingi erthi si mbovu bali imesahauliwa: ule mkanda wa waya wa kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi umebaki unaning'inia nyuma ya hedi. Ukigusa kebo ya mafuta, ile ya pedali, baada ya kupiga selfu ukaikuta ya moto, umepata jibu, maana umeme umetafuta njia ya kurudi kupitia kebo hiyo. Fungeni erthi kwenye chuma kitupu kilichosuguliwa, si juu ya rangi.

Usipige selfu zaidi ya sekunde kumi hadi kumi na tano kwa mkupuo, kisha iache ipoe nusu dakika au zaidi. Selfu nyingi zimeungua uani kwa sababu ya hasira.

Mzunguko ukiwa mzuri, nenda kwenye solenoidi ya kukata mafuta, yaani vali ya umeme inayoruhusu dizeli ipite. Iko kichwani mwa pampu, karibu na paipu nne za chuma zinazokwenda kwenye nozeli, na ina waya mmoja. Ukiwasha swichi lazima isikike ikigonga, kidogo kama ukucha juu ya bati. Isipogonga, pima volti 12 kwenye waya wake. Hakuna umeme? Angalia fyuzi, kisha waya huo ulivyopita, kwa sababu hupita mahali ambapo mikono ilikuwa inafanya kazi. Umeme upo na haigongi? Toa waya, ipe umeme kwa waya wa pembeni kutoka chanya ya betri. Ikigonga na injini ikawaka, kosa ni la waya wa gari. Kumbuka tu kwamba ukiilisha moja kwa moja, swichi haitaizima injini. Utaizima kwa kuchomoa waya huo.

Sasa tufike kwenye upepo, yaani hewa ndani ya njia ya dizeli, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiko kwenye kesi nyingi kuliko zote.

Pampu ya dizeli ya magari haya, aina ya VE, huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini. Hakuna pampu ya umeme inayosukuma. Maana yake ni kwamba njia yote kutoka tangini hadi mlango wa pampu iko kwenye mvuto, na tundu dogo kwenye njia hiyo halidondoshi dizeli nje, linaingiza hewa ndani. Ndiyo maana mtu huapa kwamba hakuna pavujapo, na kweli hapana tone hata moja, lakini injini inameza upepo.

Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa mzunguko wa mafuta uko sawa, baada ya mibonyezo ishirini au thelathini huanza kuwa ngumu chini ya kiganja. Ikibaki laini hata ukibonyeza mia, inavuta hewa kabla ya filta, au mpira wa ndani wa pampu yenyewe umechoka. Ikiwa ngumu halafu baada ya dakika tano ikarudi laini, dizeli inarudi tangini kwa kuwa hewa inaingia mahali fulani. Angalia pete ya mpira ya filta: mara nyingi ya zamani hubaki imenata juu na mpya ikawekwa juu yake, zikawa mbili. Angalia kihisi cha maji kilicho chini ya filta, hukazwa kwa mkono na pete yake ni nyembamba. Angalia hozi zilizokatwa na klampu.

Njia ya haraka ya kutenganisha mambo ni chupa. Chukua chupa safi ya lita moja na nusu, weka dizeli safi, ining'inize juu kuliko pampu, chini ya boneti, na uiunganishe kwa hozi moja kwa moja kwenye mlango wa pampu ukiwa umeiruka filta na tangi. Hozi ikiwa ya plastiki inayopitisha mwanga ni bora zaidi, kwa sababu utaona mapovu kwa macho. Toa upepo, piga selfu. Ikiwaka na kutulia, ugonjwa uko kati ya tangi na pampu; rudisha filta, jaribu, kisha rudisha paipu ya tangini, jaribu. Isipowaka, ugonjwa uko kwenye pampu au mbele yake. Jaribio hili huokoa siku nzima.

Kwenye pampu yenyewe kuna mtego ambao wengi hawaujui. Bolti mbili zenye tundu, ya kuingiza dizeli na ya kurudisha, hufanana sana kwa nje. Ya kurudisha imeandikwa OUT kichwani na ndani yake kuna kitundu kidogo sana cha kubana mafuta ili pampu ijenge shinikizo lake la ndani. Zikibadilishana nafasi, pampu hukosa dizeli kwenye mlango wa kuingilia na hukosa shinikizo ndani. Injini itawaka kwa shida, itakosa nguvu, au haitawaka kabisa. Zitoe zote mbili, zitazame dhidi ya mwanga, urudishe ile ya OUT upande wa kurudi. Washa (pete bapa) za kopa zilizo pande mbili za kila bolti ziwe mpya.

Baada ya pampu ya mkono kuwa ngumu, legeza nati za paipu kwenye nozeli, spana namba 17, nusu mzunguko tu, zote nne. Funika kwa tambara, piga selfu, kebo ya mafuta ikiwa imevutwa hadi mwisho. Mwanzo hutoka povu, kisha dizeli safi inayodunda. Kaza moja moja kadiri zinavyosafika. Usiweke kidole wala uso karibu. Nozeli hizi hufunguka kwenye shinikizo la zaidi ya kilo mia moja kwa sentimita ya mraba, na dizeli ya nguvu hiyo hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama tundu la sindano, na mkono unaweza kupotea kwa kuchelewa hospitali.

Dizeli inafika na bado haiwaki, au inawaka kwa tabu asubuhi tu? Hita plagi. Dar es Salaam au Tanga, gari lenye kompresheni nzuri linaweza kwenda miaka na plagi tatu zimekufa bila mwenyewe kujua, kwa sababu hewa ya joto inasaidia. Lipeleke Njombe mwezi wa saba uone. Baada ya kufungua hedi, kompresheni huwa bado haijatulia na plagi zilizokufa zamani ndipo hujitokeza. Ondoa ule ubapa wa chuma unaoziunganisha, pima kila moja kati ya kichwa chake na bloku: iliyo nzima husoma chini ya ohmu moja, iliyokufa haisomi kitu. Nunua kwa kuangalia maandishi ya volti yaliyochapwa kwenye plagi yenyewe. Zipo za volti 11 na za volti 6 kwa mifumo tofauti, na ya 6 ukiifunga kwenye mfumo wa 11 huungua ndani ya siku chache. Zikazwe kwa takribani Nm 13 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza kwenye toki renchi). Ni nyembamba, na ikikatikia ndani ya hedi utaifungua hedi tena.

Taimingi sasa. Kwenye 3L mkanda unashika vitu viwili, kamu na pampu, kwa hiyo makosa nayo ni ya aina mbili. Kamu ikiruka jino, valvu hufunguka wakati usio wake, kompresheni hushuka, injini inakosa nguvu. Ikiruka zaidi, valvu hugonga pistoni, kwa sababu nafasi kati yao ni ndogo sana. Pampu ikiruka jino peke yake, valvu ziko salama lakini dizeli inaingia mapema mno au imechelewa. Iliyochelewa hutoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi na kuwasha macho, nguvu hamna. Ya mapema hugonga kama nyundo, hasa ikiwa ya baridi.

Kosa la kawaida kabisa ni kufunga mkanda ukiwa umelegea upande usio wa tenshona (roda inayoukaza mkanda). Upande ule lazima uvutwe ukanyooka wakati alama zote, ya krenki, ya kamu na ya pampu, ziko mahali pake, ndipo ulegevu wote ubaki upande wa tenshona. Kisha legeza bolti ya tenshona uache springi ifanye kazi yake, usiisukume kwa bisibisi. Zungusha krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili kuelekea inakozunguka injini. Ukihisi inagota, simama. Hiyo ni valvu juu ya pistoni, na selfu ingeipinda bila kukuonya. Baada ya mizunguko miwili tazama alama zote tatu upya, ndipo ukaze tenshona. Tumeona mkanda uliokaa vizuri kabla ya kuzungushwa ukatoka jino zima baada ya kuzungushwa. Asiyezungusha hajui alichofunga.

Kwa pampu iliyotolewa kabisa kuna jambo la ziada. Mwili wake unaweza kuzungushwa kidogo kwenye matundu yake marefu, na hapo ndipo taimingi ya dizeli inaporekebishwa. Kabla ya kuitoa, chora mstari kwa msumari kupita flanji ya pampu na bamba inapokaa. Kama haukuchorwa, tafuta mstari wa kiwandani au kivuli cha uchafu kilichobaki. Sogeza milimita moja kwa wakati, kaza, washa, sikiliza. Vipimo kamili vinataka daili geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) kichwani mwa pampu, na fundi wa pampu ataifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Baadhi ya pampu hizi zina pia kifaa cha nta kinachopashwa na maji ya injini ili kusogeza taimingi wakati wa baridi. Hozi zake mbili ndogo za maji zikisahauliwa au zikiwa na upepo, injini itaendelea kugonga na kwenda mbio hata ikiwa imepata moto.

Ikiwa alama ziko sawa na dizeli safi inafika, pima kompresheni kupitia matundu ya hita plagi, waya wa solenoidi ukiwa umetolewa. Kwa 3L nzuri, kilo 32 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 455. Kikomo cha chini ni kilo 20, psi 284, na tofauti kati ya silinda isizidi kilo 5. Mwenye kupima Mbeya au Nairobi asishtuke namba zikiwa chini kuliko za pwani, hewa ya juu ni nyepesi. Aangalie zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imepitisha kati yake. Moja peke yake ikiwa chini, mimina kijiko cha oili ndani, upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Na valvu baada ya kusagwa ina sababu yake. Ukisaga kiti chake, valvu inazama ndani ya hedi na mkia wake unapanda kuelekea kamu, nafasi inapungua, mpaka valvu haifungi kabisa. Fundi wa mashine anarudisha hedi inang'aa, mwenye gari anaifunga bila kupima, na injini haiwaki baridi. Vipimo vikiwa vya baridi ni milimita 0.20 hadi 0.30 kwa valvu za kuingiza na 0.40 hadi 0.50 kwa za kutoa. 3L haina skrubu ya kurekebisha; ina shimu, kisahani kinachokaa juu ya kikombe cha valvu. Hesabu yake ni hii: unene wa shimu ya zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Kama shimu ni 2.75 na fila geji imepita 0.10 tu kwenye valvu ya kuingiza inayotakiwa 0.25, basi 2.75 ongeza 0.10 toa 0.25 ni 2.60. Tafuta shimu ya 2.60. Mara nyingi ukiandika zote nane utagundua shimu kadhaa zinaweza kubadilishana nafasi ukanunua mbili tatu tu. Usikubali kuchongewa shimu kwenye jiwe la kunolea: uso wake umekomazwa, ukichongwa kamu huula.

Gari likiwaka, lakini likitembea kwa miguu mitatu, yaani silinda moja haichomi, legeza nati za nozeli moja moja injini ikiwa inaunguruma, tambara juu yake. Ukilegeza na mlio ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na mlio usibadilike, umeipata iliyolala. Itoe nozeli yake uangalie chini. Kuna washa mbili chini ya kila nozeli, na mara nyingi za zamani hubaki zimenasa ndani ya tundu, mpya zikawekwa juu yake. Nozeli inakaa juu, mafuta hayachomwi vizuri. Ikikosekana kabisa utasikia mlio wa chuf, chuf, na masizi meusi yatazunguka shingo ya nozeli. Kwenye 3L nozeli hukazwa Nm 64 kwa soketi ndefu namba 27.

Moshi nao ni barua ya injini, lakini tumia pua pamoja na macho. Mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyochomwa: taimingi, plagi, kompresheni, upepo. Mweupe usiowasha, unaoendelea injini ikiwa imepata moto, huku maji yakipungua, ni maji ndani ya silinda. Mweusi ni ukosefu wa hewa; kabla ya kufikiri mengine fungua manifoldi ya kuingiza (bomba linalogawa hewa kwa silinda), maana tambara lililowekwa kuzuia nati isianguke huachwa humo kuliko mnavyodhani. Wa bluu ni oili: sili za valvu hazikurudishwa, au oili imezidi alama ya juu ya stiki. Oili iliyozidi si jambo dogo kwenye dizeli, kwani ikivutwa kupitia hozi ya kupumulia injini huila kama mafuta na kupanda mbio yenyewe, hata ukizima swichi. Wakati wa kuwasha mara ya kwanza weka ubao bapa karibu na mdomo wa hewa. Ikikimbia, ziba mdomo kwa ubao. Usizibe kwa kiganja.

Na kama kazi yenyewe ilikuwa ni kuchemsha, na sasa limewaka lakini linachemsha tena? Kwanza upepo kwenye maji. Pandisha pua ya gari juu ya kilima au mawe, weka hita ya ndani kwenye joto, jaza pole pole kifuniko kikiwa wazi, injini ikiunguruma taratibu, mpaka hozi ya juu ipate moto na maji yaanze kuzunguka. Themostati, vali inayofungua njia ya maji yakipata moto, huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Kipini chake kidogo kinachocheza kikae upande wa juu ili hewa ipite. Tabia ya kuitupa themostati kwa kuwa nchi ni ya joto inaumiza magari mengi. Iliyo na kisahani cha chini huziba njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Badala ya kupoa linachemsha mlimani.

Hewa ikiisha na bado, jaribu hivi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: jaza rejeta hadi mdomoni, acha kifuniko wazi, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo kutoka dakika ya kwanza ni gesi ya silinda. Au funga kifuniko, washa, shika hozi ya juu: ikivimba na kuwa ngumu ndani ya dakika moja na maji bado ni baridi, si joto lililoivimbisha. Gasketi haijashika au hedi ina ufa. Hedi za 2L na 3L hupasuka kati ya valvu mbili za silinda moja, na mara nyingi ufa huo hauonekani kwa macho mpaka hedi ibanwe maji kwa shinikizo kwa fundi wa mashine. Kama haikupimwa kabla ya kufungwa, hiyo ndiyo hatua iliyorukwa.

Gasketi nayo inunuliwe kwa kutazama bloku, si kadi ya gari, kwa kuwa Hilux nyingi zimeshabadilishwa injini. Tundu la silinda la 2L ni milimita 92, la 3L ni 96, la 5L ni 99.5. Ilaze gasketi juu ya bloku kabla ya kufunga na upitishe kidole ukingoni: pete ya chuma isichungulie ndani ya silinda hata kidogo. Tazama pia alama za unene, kwa kuwa gasketi huchaguliwa kulingana na pistoni zinavyochomoza. Na matundu ya bolti lazima yapulizwe yakauke. Maji au oili iliyobaki humo huzuia bolti kushuka. Toki renchi inalia kuwa imefika, hedi bado haijabanwa, na wakati mwingine bloku hupasuka. Kwa 3L bolti hupakwa oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, hukazwa kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu hadi Nm 78, kisha kila moja hupigwa alama ya rangi na kuongezwa robo mzunguko (digrii 90), halafu robo nyingine. Kukaza kwa bomba refu na hisia ya mkono ndiko kunakorudisha watu uani baada ya mwezi.

Injini iliyokaa wazi siku kadhaa izungushwe kwanza bila kuwaka, waya wa solenoidi ukiwa umetolewa, mpaka taa ya oili izime. Ikishawaka, iache bila kukanyagwa, uzunguke na tochi: chini ya pampu, nyuma ya hedi, kwenye hozi za maji, kwenye manifoldi ya ekzosi. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ikiwaka usidhani mkanda umelegea. Inahesabu kilomita tu, na inapaswa kurudishwa sifuri baada ya mkanda mpya. Andika tarehe na kilomita kwa rangi kwenye kava la mkanda.

Endesha kilomita tano hadi kumi, rudi, acha ipoe kabisa, fungua rejeta uone maji yameshuka kiasi gani na uongeze. Kushuka kidogo mara moja ni hewa iliyobaki ikitoka. Yakishuka tena siku ya pili na ya tatu bila kudondoka chini, chomoa stiki ya oili uangalie rangi: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka hedi ishuke.

Mkiwa hapo, badilisheni oili na filta yake baada ya kilomita mia tano za kwanza, hata kama ni mpya. Kila hedi inaposhushwa, maji na chembe za gasketi ya zamani huanguka ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na hakuna tambara linalozimaliza zote.